Siku Nyama Iliposubiri

Mahali pengi duniani nyama hununuliwa kwa kilo, hufungwa kwenye karatasi, na hakuna anayeuliza jirani kapata kipande gani. Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, katika ukoo wa Wenseslaus, nyama ina wenyewe kabla mbuzi hajaanguka. Kidari ni cha mwenye boma. Shingo ni ya wapwa. Mgongo ni wa wanawake walioolewa ukooni, nao huupokea wakiwa wamesimama pamoja, wakisukumana na kuchekana. Bega la kulia huenda kwa shangazi aliye mkubwa kuliko wote, hata kama hana jino la kutafunia, na ole wake atakayempelekea la kushoto.

Anayeyajua haya yote, na anayeaminiwa kuyatenda bila kupendelea mtu, ndiye mgawa nyama. Ana sharti moja: hali chochote mpaka fungu la mwisho liwe limetoka. Hata kipande cha ini cha kuonja hagusi. Wazee wao waliona kuwa mtu anayetafuna huku akigawa hatazamwi kwa jicho jema, na ugomvi wa nyama ukishaingia kwenye ukoo hautoki kwa urahisi.

Wenseslaus alikuwa mgawa nyama, akaacha kuwa, kisha akawa tena. Baba yao alipofariki, kisu kilimjia yeye kama mtoto wa kwanza. Kilikuwa kisu kifupi, kipana, chenye mpini mweusi uliolainishwa na viganja vya baba na babu. Lakini miaka hiyo Wenseslaus alikuwa mtu wa mbege, pombe ya ndizi. Alikunywa kwenye harusi na misiba, alikunywa kwa majirani, akinyimwa alikunywa kwa kukopa. Kwenye harusi moja aligawa akiwa amelewa, akawapa wakwe utumbo mahali pa paja, na wakwe wakaondoka bila kuaga. Ukoo ukamnyang'anya kisu na kumpa mdogo wake, Basili, mtu mkavu wa maneno, mwenye pikapu ya kubebea ndizi kwenda kuuza Himo. Miaka mingi Wenseslaus alikaa nyuma ya wengine siku ya kuchinja, akapokea fungu lake mkononi mwa mdogo wake, akaenda kulila pembeni.

Kilichomtoa kwenye pombe ni ugonjwa. Alianza kuwa na kiu isiyokatika, miguu ikamwaka moto usiku, akakonda mpaka mkanda ukakosa tundu. Mjini Moshi walimpima na kumwambia ana kisukari, akapewa vidonge vya aina mbili, vikubwa na kingine kidogo sana, akaambiwa mbege basi. Akaiacha siku hiyohiyo. Alisimama mbele ya jumuiya yao ya sala, kofia mkononi, akasema ameacha, na watu wakapiga makofi ya adabu tu kwa sababu walishawahi kumsikia akisema hivyo. Safari hii aliacha kweli. Ulipopita mwaka, ukapita mwingine, Basili akamrudishia kisu mbele ya watu wote.

"Kaka, chukua," Basili alisema. "Lakini nisikilize na wote wasikie. Siku ukikishika umekunywa, kinarudi kwangu, na hakitatoka tena mpaka tunakufa."

"Sawa," alijibu Wenseslaus. Akakipokea kisu. Mkewe Dominika, aliyekuwa kwenye kundi la wanawake, aliinama na kujifanya anafunga vizuri kanga.

Jumatatu ya Pasaka iliyofuata ukoo ulikutana kwa Basili. Ilikuwa masika, ukungu umekaa juu ya migomba na njia zote ni tope. Wenseslaus aliamka mapema, akameza vidonge vyake kwa funda la maji, kwa saa ileile ya kila siku. Kwa dawa alikuwa mwaminifu kama alivyokuwa mwaminifu kwa pombe. Chai hakunywa. Alikuwa anakwenda kupokea komunyo, na yeye alikuwa wa kizazi kile ambacho hakiweki kitu tumboni kabla ya misa. Akapanda kilima kwa mguu hadi parokiani, akasali, akateremka tena mpaka kwa Basili akiwa bado hajala. Huko mbuzi wawili walikuwa wamefungwa mgombani wakimsubiri, na mgawa nyama hali.

Alipewa kisu. Akaanza vizuri kabisa.

"Mangi, leo usinipe mfupa!" alidakia kwa utani, akimpa cheo cha chifu, Mzee Tito, binamu yao, aliyekuwa na kata ya mbege mkononi tangu asubuhi. "Siku uliyorudishiwa kisu ulinipa mfupa hata mbwa wangu aliukataa!"

"Mfupa ulikuwa na nyama, mzee. Meno yako ndiyo hayakuwepo."

Watu wakacheka. Mzee Tito naye akacheka mpaka kata ikamponyoka na mbege ikammwagikia Wenseslaus kifuani. Akajifuta kwa jani la mgomba, akaendelea kukata.

Haikupita muda akapiga mwayo. Akapiga mwingine. Midomo ikaanza kumchonyota kama ametafuna pilipili, na jasho likamtoka shingoni, jembamba na la baridi, wakati wenzake wote wamevaa makoti. Aliona kisu kimekuwa kizito. Akakitazama, akajiuliza ni cha nani. Alijua kuwa mbele yake kuna mafungu na kila fungu lina mwenyewe, lakini wenyewe walikuwa wamemtoka kichwani, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Basi akafanya kile ambacho mwanamume hufanya akiwa hajui: akaongeza sauti.

"Denis! Njoo uchukue!"

Denis alikuwa mkwe wa Basili, kijana wa Himo aliyeoa mwaka uliopita. Alikuja, akaona anachopewa, akarudi nyuma hatua moja. "Baba mkubwa, hiki ni kidari. Si changu, ni cha baba mwenye boma."

"Nimesema chukua! Mjinga wewe, nani amekufundisha kubishana na wakubwa?"

Watu wakageuka. Wenseslaus hakuwa mtu wa matusi, hata kwenye pombe yake. Alishika bega, akalinyoosha kwa shangazi yake, Martha, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda. Martha hakunyoosha mkono. Lilikuwa la kushoto.

"Wense," alisema bibi yule taratibu. "Una nini?"

Alitaka kumjibu. Sauti yake aliisikia ikitoka mbali, kama redio ya jirani, na maneno yalikuwa yamevimba mdomoni. Akayumba, akashika mgomba. Basili akaja, akamkamata kifundo cha mkono, akainamisha pua kwenye shati lake.

"Kaka. Umekunywa."

"Sija... sija..." Neno lilikataa kumalizika.

Basili akakifungua kiganja chake kidole kimoja baada ya kingine, akakitoa kisu. "Shemeji," alimwita Dominika bila kumtazama. "Mpeleke kwako. Au mfungie stoo hapo alale mpaka imwishe, atuondolee aibu."

"Stoo hafungiwi," alisema Dominika. Akauweka mkono wa mumewe begani mwake, akapita naye katikati ya watu. Alisikia mtu akiguna, na mwingine akisema ameirudia, nilijua tu.

Nyumbani kulikuwa na uji wa ulezi uliobaki asubuhi. Enzi za pombe Dominika alikuwa akimnywesha mumewe uji mtamu ili apate nguvu ya kutapika na kulala, na sasa mikono yake ilifanya vilevile bila kufikiri. Alitia sukari nyingi, akamshikia kikombe. Wenseslaus akanywa chote. Mke akaenda kumwekea beseni karibu na kitanda, akarudi akiwa amejiandaa kwa jioni ndefu aliyoijua.

Akamkuta amekaa wima, macho yametulia.

"Mama Stella," alisema, na kila neno lilikuwa safi. "Nimefanya nini pale?"

Dominika alisimama mlangoni na beseni lake. "Umekunywa?"

"Sikunywa. Naapa mbele ya Mungu. Tito alinimwagia."

"Mimi naujua ulevi wako, Baba Stella. Nimelala nao kitanda kimoja tangu Stella hajazaliwa. Ulevi wako unaimba kwanza, halafu unalia, halafu unatapika, halafu unalala mpaka ng'ombe wanalia njaa. Haujawahi kwisha kwa kikombe kimoja cha uji." Akaweka beseni chini. "Huu wa leo siujui."

"Labda kisukari kimepanda. Tena ukanitilia sukari."

"Labda," alisema Dominika, lakini hakuonekana kuridhika. "Twende wakupime."

"Nikawaambie nini? Kwamba nimelewa bila pombe? Niache. Nimeshachekwa ya kunitosha mwaka huu."

Hakwenda. Badala yake alichukua njia ambayo yeye aliiona ni ya mtu mwenye akili: akaukazia ugonjwa kamba. Kama kisukari kimepanda, basi kisipewe chakula. Akakataa kiburu kwa sababu ndizi ni tamu, akakataa chai ya maziwa, akawa anashindia mboga za majani na maji. Vidonge hakuacha hata kimoja. Kila asubuhi alivimeza kwa saa yake, hata kabla jiko halijawashwa, akaenda shambani. Aibu nayo ilimsaidia kutokula. Jumapili alikaa kiti cha nyuma kanisani, na waliposhikana mikono kutakiana amani aliona watu wakivuta pumzi puani kidogo, wakimnusa.

Ukweli ni kwamba hakuwa na hakika hata yeye. Mtu aliyewahi kulewa miaka mingi hajiamini kabisa. Alipokuwa peke yake na ng'ombe zizini alijiuliza kama inawezekana alikunywa na akasahau, kama mbege ile iliyomwagika ilipita kwenye ngozi ikamkuta mlevi wa zamani amekaa ndani akisubiri.

Siku mvua ilipopumzika, alitoka kwenda kukata majani ya ng'ombe kando ya mfongo, mfereji wa maji unaoteremka kutoka msituni kupita kwenye vihamba vyao, mashamba ya migomba na kahawa yaliyozunguka nyumba. Hakuwa amekula tangu jana yake mchana. Dominika alikuwa akipalilia maharage chini ya kahawa alipoona kwamba hasikii tena panga. Akaita. Hakuitikiwa. Akaenda.

Alimkuta amekaa kwenye tope, mguu mmoja ndani ya maji, shati limelowa jasho. Alikuwa akicheka peke yake kicheko kidogo kisicho na furaha. Alipomwona mkewe hakumtambua. "Wewe nani?" aliuliza. "Mwambie baba nakuja."

Baba yake alikuwa amezikwa mle mle kihambani muda mrefu.

"Mama Goodness!" Dominika alipiga kelele kwa jirani. "Mama Goodness, njoo! Njoo na sukari!"

Jirani alikuja mbio, mikono mitupu. "Sukari? Unataka kumuua? Si alikatazwa vitu vitamu? Mpe maji matupu, mama. Au ndimu, ya kukata pombe."

"Hii si pombe."

"Dada yangu, hata mimi wa kwangu nilikuwa nikimtetea hivyohivyo."

Dominika hakubishana. Alikimbia mwenyewe nyumbani, akarudi na bakuli la sukari na kikombe, akachota maji, akakoroga kwa kidole. Hakuwa amesomea kitu. Alikuwa na jambo moja tu alilolishika: siku ile, baada ya uji mtamu, mumewe alirudi. Kama angekosea, angekuwa amemuua kwa mkono wake na Mama Goodness akiwa shahidi. Alijua hilo akiwa anapiga magoti topeni.

"Baba Stella, meza. Unanisikia? Meza kwanza kidogo nione."

Akameza. Hakupaliwa. Akampa funda jingine, na jingine, mpaka kikombe kikaisha, huku Mama Goodness akisali kwa sauti ya chini. Wakakaa. Maji ya mfongo yalipita. Baada ya muda Wenseslaus aliutoa mguu wake majini, akautazama, kisha akamtazama mkewe.

"Mama Stella. Mbona unalia?"

"Silii. Mtume mtoto yeyote akamwite Basili," Dominika alimwambia jirani. "Aje na gari."

Basili alikuja kwa sababu shemeji yake hakuwa mtu wa kuita ovyo. Lakini alipomwona kaka yake amejaa tope, uso wake ukafungika. Njia nzima ya kuteremka, pikapu ikiruka kwenye mawe na Wenseslaus akiwa katikati yao ameegemea bega la mkewe, alikaza macho njiani mpaka walipofika kwenye lami.

"Shemeji, kila mlevi ana ugonjwa wake wa kusingizia."

"Endesha gari, shemeji."

Hospitalini walimpokea nesi kijana aitwaye Pamela. "Shikamoo baba," alisema, na wakati Wenseslaus anaitikia marahaba kwa ulimi ulioanza tena kuwa mzito, tayari alikuwa amemshika kidole. Akamchoma, akaweka tone la damu kwenye kimashine, akasubiri. Kisha akakigeuza kimashine waone wote.

"Tatu nukta moja. Sukari imeshuka, hata nne haijafika. Mmempa kitu chochote?"

"Maji ya sukari," alisema Dominika, akisubiri kugombezwa. "Kikombe kizima. Huko nyumbani."

"Mama, umefanya vizuri sana. Ila imeshaanza kushuka tena." Nesi alikwisha kufungua chupa ya soda. "Baba, kunywa. Asubuhi umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Na umekula nini?"

Wenseslaus aliinamia chupa ya soda. Dominika akajibu kwa niaba yake: "Hali. Anaogopa itapanda."

Pamela akavuta stuli, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane. "Baba, sikia. Hiki kidonge chako kidogo kinasukuma sukari ishuke. Hakijui kama umekula au hujala. Chenyewe kinafanya kazi tu. Umekula, kinakuta kitu cha kushusha. Hujala, umepanda kilima, umefyeka majani, kinashusha hata kile kidogo ambacho ubongo wako unakihitaji. Hukuambiwa umeze na chakula?"

"Niliambiwa asubuhi na jioni," alisema Wenseslaus. Kisha akafikiri. "Labda niliambiwa na chakula. Nilishika saa."

Basili alikuwa amesimama nyuma, funguo za gari mkononi. "Samahani, nesi. Kwa hiyo huyu hajanywa?"

"Kunywa nini?"

"Mbege."

Nesi alimtazama kwa makini, kama mtu anayesikia swali ambalo ameshalisikia. "Baba, sukari ikishuka mtu anatetemeka, anatoka jasho, ulimi unakuwa mzito. Anakuwa mkali, anatukana, hatambui watu. Tumeshaletewa wengi tukiambiwa ni walevi. Hao wana bahati. Wengine wanafungiwa ndani walale, ili pombe iwaishe." Akainuka kurudisha stuli mahali pake. "Hao hatuwaoni."

Basili aligeuka. Alitoka nje, na Dominika alimwona dirishani amesimama kando ya pikapu, amegeukia ukuta, mikono juu ya bodi ya gari kama mtu anayeisukuma.

Wenseslaus alilazwa, kwa sababu kidonge kile hukaa mwilini na sukari ingeweza kushuka tena hata akiwa amekula. Walipima damu, wakakuta figo zake zimeanza kuchoka, hazikiondoi tena kidonge kwa kasi ile ya zamani. Daktari akakipunguza kikawa nusu, akamwambia arudi waangalie kama kinafaa kubadilishwa kabisa. Kabla ya kuwaruhusu, Pamela aliwakalisha wote wawili, akawarudisha darasani. Dawa ni pamoja na chakula, na siku usiyokula kabisa usiimeze kimazoea, uliza kwanza. Ukiona kijasho, kutetemeka, midomo kuchonyota, usisubiri kuona kama itapita: vijiko vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, kaa chini, subiri robo saa. Bado? Rudia. Ukipata nafuu, kula chakula cha kweli, ndizi, ugali, chochote kinachokaa.

"Na mama, akiwa amezimia, hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mumlete mbio. Sawa?"

"Sawa."

"Na usimwonee haya mtu. Hata ukiwa kanisani. Hata padri akiwa anahubiri."

Wenseslaus alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. "Hujamwona mgawa nyama wa kwetu wewe," alisema, lakini nesi hakuelewa, naye hakumfafanulia.

Dominika alishona mfuko mdogo wa kitambaa, akatia sukari iliyofungwa kwenye nailoni, akaushikiza ndani ya koti la mumewe. Basili aliwarudisha nyumbani. Hakusema kitu kuhusu kisu, wala Wenseslaus hakuuliza. Miezi ikapita hivyo. Basili akawa anapita kila alipotoka Himo, anashusha mkungu au mfuko wa unga, anauliza, "Kaka umekula?" na kuondoka. Katika ukoo watu walisikia habari za hospitali, wengine wakaamini. Mzee Tito alitangaza kwamba kama mtu anaweza kulewa bure bila kununua, basi yeye amepoteza mali nyingi.

Desemba watoto wa Kibosho walirudi kutoka Dar na Arusha na popote walipokuwa wakitafuta maisha, na njia zile za tope kavu zikajaa magari yasiyozoea mawe. Ukoo ulikutana tena kwa Basili. Mbuzi walifungwa mgombani. Wenseslaus alikuja na mkewe, akatafuta kiti cha nyuma, mahali pake pa zamani.

Basili alitoka ndani na kisu. Mpini wake ulikuwa umefungwa jani la sale, lile jani refu la mpakani mwa kihamba, limepigwa fundo. Hakuna Mchaga asiyejua maana yake. Anayekuletea sale lenye fundo anaomba msamaha, na ukishaliona huna ruhusa ya kukataa, hata kama amekuvunjia nyumba.

Watu wakapisha njia. Basili alimfikia kaka yake, akainama.

"Nilisema wamfungie stoo," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Kaka yangu. Kama shemeji angenisikiliza, leo tungekuwa tunafanya kumbukumbu yake."

Wenseslaus alilipokea jani kwa mikono miwili. Akalifungua fundo, polepole kwa sababu lilikuwa limekazwa, akaliweka mfukoni. "Inuka," alisema. "Utachafua suruali."

Akaenda kwenye mafungu.

Asubuhi hiyo alikuwa amekula. Dominika alihakikisha: machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, sahani nzima, dawa juu yake. Lakini wageni wa Arusha walichelewa, mbuzi wa pili alikata kamba akakimbizwa mpaka kwenye mfongo, na jua lilikuwa limeshapita kichwani wakati Wenseslaus anaanza kukata. Alitoa kidari, cha Basili. Alitoa mgongo, wanawake wakashangilia. Alikuwa ameshika shingo ya wapwa aliposikia mdomo wake wa chini umeanza kuchonyota.

Alisimama. Alifikiri labda ni upepo. Akakata kidogo. Jasho likamgusa nyuma ya shingo.

Alijua kilichobaki: mafungu machache tu. Angeweza kuharakisha. Angeweza kusema anakwenda msalani. Watu wengi kuliko waliomwona Pasaka walikuwa wamemzunguka, na wote walikuwa wakitazama mkono wake, wengine kwa upendo, wengine wakisubiri uteleze. Tangu babu yake, na kabla ya babu yake, hakuna aliyewahi kukiweka kisu chini nyama ikiwa katikati. Aliona kisu kinaanza kuwa kizito.

Akakilaza juu ya jani la mgomba.

"Naomba maji," alisema. "Sukari imeshuka."

Hakuna aliyesogea, ila Dominika, ambaye kikombe alikuwa nacho tayari chini ya kanga. Wenseslaus akatoa ule mfuko kwenye koti, akaupasua kwa meno, akamimina sukari yote, akakoroga, akanywa mbele ya ukoo mzima akiwa amesimama. Kisha akaketi kwenye gogo.

"Sasa?" aliuliza mtu.

"Sasa mnasubiri," alisema Dominika. "Robo saa."

"Nyama itakaa?" alinong'ona mke wa mgeni wa Arusha.

"Itakaa."

Ikakaa. Mafungu yalilala kwenye majani, na nzi wakaanza kuja. Basili alikata jani la mgomba, akasimama juu ya nyama, akawa anapunga, kulia, kushoto, kulia, kama mtu aliyewekwa pale kwa kazi hiyo tangu kuzaliwa. Mzee Tito alifungua mdomo aseme kitu, Basili akamtazama, akaufunga. Watoto walishikwa mikono. Wenseslaus alikaa ameinamisha kichwa, viganja juu ya magoti, akitazama vidole vyake vikitetemeka mbele ya watu wote, bila kuvificha. Aliona haya, kisha, polepole, haya ikamtoka pamoja na jasho.

Dominika alimenya ndizi mbivu, akampa. Akaila yote. Kwa mara ya kwanza katika ukoo ule mgawa nyama alitafuna huku nyama ikimsubiri, na mbingu hazikuanguka. Juu, ukungu ulikuwa umefunguka kidogo na theluji ya mlima ikaonekana, lakini hakuna aliyeinua macho.

Ni shangazi Martha aliyevunja ukimya, kutoka kwenye kigoda chake.

"Wense."

"Naam, shangazi."

"Umerudi?"

Aliunyoosha mkono wa kulia mbele yake, vidole vimetanuliwa. Akautazama. Watu wote wakautazama naye. Ulikuwa umetulia.

"Nimerudi, shangazi."

"Basi nipe bega langu. Na safari hii liwe la kulia. Lile la Pasaka sikuligusa, lakini hasira yake mpaka leo inanikaa hapa."

Wakacheka wote, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Wenseslaus akainuka, akakichukua kisu, akakifuta kwa jani. Akakata bega la kulia, akalipeleka mwenyewe kwa mikono miwili, akarudi kwenye shingo ya wapwa mahali alipoiachia. Alipomaliza mafungu yote alichukua la kwake, lile dogo la mwisho, akaenda kukaa karibu na mdogo wake. Basili bado alikuwa na jani mkononi, na alikuwa anapunga, ingawa juu ya majani hakukuwa na nyama tena.